Bastola za Vita vya Kasongo: Muhuri kama Ushahidi

Majeshi ya Dhanis yaliiteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Kabambare ikafuata Januari 1894. Bastola inayodaiwa kuwa ngawira ya vita hivyo yafaa ichunguzwe kama hati. Silaha zilizojaribiwa Liège, Ubelgiji, zilipigwa muhuri wenye herufi ELG katika umbo la yai. Taji juu yake liliongezwa Julai 1893. Basi muhuri wenye taji hukanusha dai la kutwaliwa Kasongo Aprili ile, ila kama silaha ilijaribiwa upya baadaye. Kukosekana kwa taji hakuthibitishi dai, huliruhusu tu. Anayeisugua bastola ili ing'are huweza kuufuta muhuri: chuma hupendeza, lakini mwanahistoria hupoteza shahidi, na mwenye mali hupoteza thamani.