Kupasua Jipu: Gharama Hutegemea Mahali

Mtoto hupasuliwa jipu au kushonwa jeraha dogo akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Tofauti ya malipo ina historia. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada kwa wasiolazwa. Mwaka 1989 ikaleta kuchangia gharama, na wagonjwa wengi wakabaki nyumbani. Mwaka 2004 zahanati za serikali zikatoza shilingi 10, vituo vya afya 20. Mwaka 2013 ada hizo zikafutwa. Hospitali zikaendelea kutoza zao.

Basi, mama wa Nyamira, usianzie hospitali ya rufaa Kisii, wala usingoje pesa huku jipu likiiva: viini huweza kuingia damuni. Jisajili SHA, uanzie kituo kilicho karibu. Jipu likiwashinda, watakuandikia rufaa.