Kinukacho kwa mgeni ndicho kitamu kwa mwenyeji

KIPENDACHO roho, walisema wahenga, hula nyama mbichi. Ukweli wa methali hii hudhihirika watu wa jamii mbalimbali wanapokutana mezani. Chakula kinachomfanya mmoja ameze mate ndicho kinachomfanya mwenzake azibe pua.

Nchini Iceland, mlo wa jadi uitwao hákarl hutokana na papa wa Greenland. Nyama ya papa huyu ikiwa mbichi ina sumu. Kwa hivyo, huachwa ivunde kwa majuma kadhaa, kisha hutundikwa ikauke kwa miezi. Harufu yake ya amonia huwatoa wageni machozi, ilhali wenyeji huila katika sherehe zao za majira ya baridi.

Kaskazini mwa Uswidi kuna surströmming, samaki wadogo wa bahari ya Baltiki wanaochachushwa kwa chumvi kidogo. Zamani chumvi ilikuwa ghali, na watu wakajifunza kuhifadhi samaki kwa kiasi kile walichomudu. Samaki hao huendelea kuchacha hata ndani ya mkebe hadi ukavimba, na walaji wengi huufungulia nje ya nyumba.

Hata taifa moja laweza kugawanyika. Nchini Japani, natto, yaani maharagwe ya soya yaliyochachushwa hadi yakatoa utelezi, hupendwa sana mashariki mwa nchi. Hata hivyo, wakazi wengi wa Osaka, upande wa magharibi, wamezoea kuyakwepa.

Humu nchini mambo ni yayo hayo. Utelezi wa mrenda ni raha kwa Mluhya, lakini humshinda asiyeuzoea. Papa mkavu anayethaminiwa Pwani hunuka vikali kwa mtu wa bara. Nao Wakalenjin huwapokea wanariadha washindi kwa mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichopakwa mkaa wa miti maalumu.

Vingi vya vyakula hivi vilibuniwa kwa sababu moja: kuhifadhi riziki ya msimu wa neema hadi msimu wa dhiki. Ulimi wa mtoto hufunzwa kukipenda kile kilichowavusha wazazi wake. Asiyefunzwa hukiita uvundo.

Dharau hiyo ina gharama. Kwa miaka mingi vyakula vya kiasili nchini Kenya vilihusishwa na umaskini na ushamba, na ujuzi wa kuvitayarisha ukaanza kufifia. Mnamo 2007 juhudi za kuvinusuru zilianzishwa, na mimea ya kiasili ipatayo 850 ikaorodheshwa pamoja na majina yake ya kienyeji. Mnamo 2021, shirika la UNESCO liliziingiza juhudi hizo katika sajili yake ya mbinu bora za kuhifadhi turathi.

Hata hivyo, sajili haipiki. Ujuzi huo utadumu tu iwapo watoto wataendelea kuandaliwa vyakula hivyo nyumbani, bila ya kuvionea haya mbele ya wageni.