Dorothy Whitelock

Dorothy Whitelock (1901–1982) alikuwa mtaalamu Mwingereza wa fasihi na historia ya Waanglo-Saksoni, watu walioitawala sehemu kubwa ya Uingereza kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066. Wengi humtaja kama profesa wa Cambridge. Hata hivyo, njia yake ya usomi aliichora angali mwanafunzi wa utafiti, na vitabu vyake vya baadaye havieleweki vizuri bila kuanzia hapo.

Alizaliwa Leeds, akasoma Newnham College, chuo cha wanawake huko Cambridge, katika miaka ya 1920. Wakati huo wanawake walifanya mitihani ileile waliyofanya wanaume, lakini waliambulia jina la shahada tu. Uanachama kamili wa chuo kikuu hawakupewa hadi 1948. Mwalimu aliyemwathiri zaidi alikuwa Hector Munro Chadwick, aliyeshikilia kwamba anayesoma Kiingereza cha Kale sharti ajue pia historia, sheria na mila za watu waliokizungumza. Baadaye Whitelock alikwenda Uppsala, Sweden, kuendelea na masomo.

Msomi kijana wa fani hiyo angetarajiwa kukimbilia mashairi ya mashujaa. Yeye alichagua wasia. Kitabu chake *Anglo-Saxon Wills*, kilichotoka 1930, kilikusanya wasia 39 za Kiingereza cha Kale, nyingi zikiwa za karne ya 10 na ya 11. Kila wasia uliwekewa tafsiri ubavuni, pamoja na maelezo marefu kuhusu watu na mahali palipotajwa. Kuwatambua watu hao kulidai uvumilivu mkubwa, kwani jina moja lilibebwa na watu kadhaa, na mara nyingi njia pekee ya kuwatofautisha ilikuwa kulinganisha hati moja na nyingine, shamba kwa shamba.

Faida ya kazi hiyo huonekana mtu akisoma wasia wenyewe. Bibi mmoja tajiri, Wynflæd, anagawa mashamba, nguo, vitabu, farasi waliofunzwa na wasiofunzwa. Anawaacha huru watumwa kadhaa kwa majina, na papo hapo anamrithisha jamaa yake mwanamke mfumaji na mwanamke mshonaji, kama anavyorithisha masanduku. Mwanamfalme Æthelstan, aliyefariki 1014, anamwachia ndugu yake Edmund upanga uliosemekana kuwa wa Mfalme Offa, ambaye alikuwa amekufa tangu 796. Mtu aliyesoma hati hiyo hashangai tena kwa nini washairi wa zama zile walihesabu wamiliki wa upanga mmoja baada ya mwingine.

Mwaka huohuo wa 1930 alianza kufundisha St Hilda's College, Oxford, akakaa huko miaka 27. Mwaka 1939 alitoa toleo la *Sermo Lupi ad Anglos*, hotuba kali ya Askofu Mkuu Wulfstan kwa Waingereza waliokuwa wakishambuliwa na Wadenmark. Mwandishi na msomi J. R. R. Tolkien alipoacha uprofesa wa Kianglo-Saksoni huko Oxford mwaka 1945, nafasi haikwenda kwa Whitelock bali kwa C. L. Wrenn.

Katika *The Audience of Beowulf* (1951) swali lake lilikuwa rahisi kwa sura: waliosikiliza *Beowulf*, utenzi wa Kiingereza cha Kale, walipaswa kujua nini tayari? Aliona kwamba mshairi anadokeza hadithi za Biblia na za koo za Skandinavia bila kuzifafanua, hivyo akahitimisha kwamba wasikilizaji walikuwa Wakristo waliokomaa katika dini, na kwamba hapana sababu ya kukataa utunzi wa mwishoni mwa karne ya 8. Tarehe ya utenzi bado inabishaniwa. Namna yake ya kuuliza imedumu kuliko jibu lake. Mwaka 1955 ilifuata juzuu nene ya hati za Uingereza za miaka 500 hadi 1042 zilizotafsiriwa, ambayo imewapa wanafunzi wengi njia ya kwanza ya kuingia katika zama hizo.

Mwaka 1957 akawa mwanamke wa kwanza kushika uprofesa wa Kianglo-Saksoni uitwao wa Elrington na Bosworth huko Cambridge, ambao Chadwick aliwahi kuushika, akaushika hadi 1969. Mwanahistoria V. H. Galbraith alipodai kwamba kitabu cha maisha ya Mfalme Alfred kinachosemwa kuandikwa na mtawa Asser ni cha kughushi, Whitelock alimjibu kwa mhadhara uliochapishwa 1968, akipima madai yake moja moja kwa majina, vyeo na tarehe.