Boriti Zilizopima Vyumba
Vyumba vya nyumba kongwe za mawe mjini Lamu ni virefu lakini vyembamba. Sababu iko darini: boriti za mkoko, zilizopangwa sambamba kubeba mawe ya matumbawe na chokaa, kwa kawaida hazikuzidi mita 3 hivi, na chumba hakingeweza kuwa kipana kuliko boriti zake.

Kipimo hicho kilivuka bahari. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Ghuba, yakileta tende, yalirudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za Lamu na delta ya Rufiji. Huko Kuwait na Bahrain, ambako miti ni adimu, boriti hizo zilibeba mapaa ya nyumba za watu.

Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti hizo nje ya nchi. Mikoko ilistahili nafuu hiyo.