Sima Tuliipataje? Historia ya Sahani Yetu na Dada Mwenye PCOS



Ndugu msomaji, ukikaa katika jikoni zetu za Voi hutakosa kulisikia neno hili: "Sima ndiyo chakula chetu, tumeikuta kwa mababu." Siku hizi neno hilo huambiwa sana msichana aliyetoka kliniki na kuagizwa apunguze wanga. (Wanga wa kwenye chakula, si wale wa usiku, ingawa wapo wanaowataja hao pia mwana akichelewa.) Maradhi yake yanaitwa kwa kifupi PCOS, yaani hali ya ovari kuonekana na vifuko vingi vidogo. Damu ya mwezi haiji miezi mitatu, halafu ikija haikatiki. Chunusi haziishi, ndevu zinaota kidevuni, unene unakaa kiunoni. Kama ameolewa ndiyo balaa, manake kila anayemsalimu humtazama tumbo kwanza. Sasa dada huyu akisogeza sima pembeni, anaambiwa anaringa, ati chuo kimemharibu, ati anafuata mambo ya Wazungu.

Mimi si daktari. Nasoma historia chuoni, kwa hiyo niruhusu nilishike neno moja tu katika hayo yote: hilo la "mababu".

Hebu turudi nyuma. Mwaka wa 1848 mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann alipita Taita akielekea Uchagani, akiongozwa na Muislamu wa pwani aitwaye Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei mwaka huo akauona Mlima Kilimanjaro. Njia hiyo misafara ya Waswahili waliijua vizuri kabla yake: nyika ya Taru isiyo na maji, Maungu, milima ya Taita, kisha Taveta. Na Taveta ilipendwa na misafara kwa sababu ya chakula. Kando ya mto Lumi kulikuwa na msitu na mashamba ya ndizi, na mtu aliyetoka kuteseka nyikani alipumzika hapo siku nyingi. Milimani kwa Wadawida na Wasagalla palikuwa na mtama, mawele, kunde, maharagwe, muhogo, viazi vitamu, ndizi, na mboga za majani za kila namna. Hadi leo ukienda Wundanyi utapewa kimanga, muhogo au viazi vilivyopondwa pamoja na maharagwe, na hapo ndipo utakapojua Mtaita anajua kupika.

Sitaki kukudanganya, msomaji. Wanga waliula wale wazee, tena si kidogo. Mahindi nayo hayakuwa mageni kabisa, kwani yaliletwa pwani na Wareno kutoka bara la Amerika karne nyingi nyuma na yakapenya bara polepole. Lakini yalikuwa kimoja kati ya vingi, ya kuchoma, ya kuchemsha na kunde. Lile bonge jeupe la unga, asubuhi uji wake na usiku sima yake, siku zote za mwaka, limekuja na mambo mengine.

Limekuja na reli kwanza. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka wa 1896, na mwishoni mwa 1897 ilikuwa imefika Voi. Maelfu ya vibarua walioijenga waliletwa kutoka Bara Hindi, na wale ukiwapa muhogo wangegoma. Walikula mchele na unga wa ngano. Chapati unayoililia kila Jumapili imefuata njia hiyo. Kisha ikaja vita. Agosti 1914 Wajerumani wakaingia Taveta. Mwaka wa 1915 Waingereza wakajenga reli ya haraka kutoka Voi kuelekea Taveta ili wapitishe jeshi, na Februari 1916 wakapigwa vibaya Salaita kabla ya kuichukua Taveta mwezi uliofuata. Makaburi ya vita hiyo bado yapo Voi na Taveta, yamepangwa vizuri, unaweza kuyaona leo. Ya wapagazi hayakupangwa hivyo. Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi hilo walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na kuhara kuliko kwa risasi. Chakula chao kikuu kilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi haukuiva, kwa kukosa kuni na muda.

Chakula hicho cha kupimiwa kiliitwa posho. Angalia neno lilivyosafiri: kwetu posho ni chakula au malipo anayopewa mtu wa kazi, lakini ukienda Uganda leo ukaomba posho utaletewa sima yenyewe. Lugha imehifadhi historia ambayo sisi tumeisahau.

Baada ya vita mkonge ukashika nchi ya chini. Mashamba makubwa yakafunguliwa Voi na Mwatate, na huko Taveta bwana Ewart Grogan akajichukulia ardhi na kujijengea jumba juu ya kilima. Mwaka wa 1948 ikatangazwa mbuga ya Tsavo. Basi Mtaita akabanwa: huku mkonge, huku ndovu, juu milima iliyojaa watu. Vijana wakashuka kutafuta mshahara, na pamoja na mshahara wakapokea posho. Katika Kenya ya wakati huo kipimo kilichozoeleka kilikuwa ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku, karibu gramu 900. Unga huo una kalori zaidi ya 3,000. Ulichaguliwa kwa sababu ulikuwa rahisi kununua, rahisi kubeba, hauozi upesi, na ulimtosha mwanamume wa kukata mkonge juani kutwa nzima. Afya ya mkewe aliyebaki Dawida haikuwa katika hesabu.

Hata wakoloni wenyewe walianza kutilia shaka. Mwaka wa 1931 Orr na Gilks walitoa utafiti wao juu ya chakula cha Wakikuyu na Wamasai. Wakikuyu walitegemea zaidi nafaka na viazi, Wamasai maziwa, nyama na damu (ambayo kwetu sisi ni haramu, tusije tukaelewana vibaya). Wanaume wa Kimasai walionekana warefu na wazito zaidi. Na kuna jambo dogo ambalo mimi nilisimama nalo: wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani zaidi ya waume zao. Utafiti huo una kasoro za kikoloni tele na wanahistoria wameushambulia, ila unaonyesha kwamba swali la "unga mtupu" si la jana.

Baada ya uhuru mbegu za kisasa zikaja, ya kwanza ya chotara ikatolewa Kitale mwaka wa 1964, na unga uliokobolewa ukawa mweupe kama karatasi na kuingia katika kila duka. Sukari nayo: Ramisi kule Kwale ilikuwa ikisaga miwa tangu miaka ya 1920, Mumias ikaanza 1973. Chai ya vijiko vitatu ikawa ndiyo ukarimu. Kwa hiyo, msomaji, binti wa leo anayekaa darasani au dukani Voi amerithi posho ya mkata mkonge, lakini mkonge haukati. Nionavyo mimi, hiyo ndiyo sima ya mababu inayozungumzwa, na umri wake hauzidi sana wa bibi zetu.

Sasa tuje kwenye maradhi, manake nayo yana historia, na si ya Wazungu wa mjini. Mmoja wa wanawake wa mwanzo kuandikwa kuwa na ovari za namna hii alikuwa mke wa kijijini huko Italia, mkulima. Vallisneri alimwandika mwaka wa 1721, akasema alikuwa mnene kiasi, hazai, na ovari zake zilikuwa kubwa, nyeupe, zenye vinundu, mfano wa mayai ya njiwa. Mwaka wa 1921 Wafaransa Achard na Thiers wakaeleza kisukari cha wanawake wenye ndevu. Yaani sukari na ndevu ziliwekwa pamoja miaka mia moja iliyopita! Lakini Stein na Leventhal wa Chicago walipowaeleza wanawake saba mwaka wa 1935, macho yote yakaenda kwenye ovari, na kwa miaka mingi tiba ikawa kisu: kukata kipande cha ovari. Hadi mwaka wa 1980 ndipo Burghen na wenzake Marekani walipoonyesha kwamba wanawake hawa wana insulini nyingi kupita kawaida.

Insulini ni homoni inayoingiza sukari ya damu katika mwili. Kwa wengi wenye PCOS mwili hauisikii vizuri, basi kongosho linatoa nyingi zaidi ili lisikike. Insulini hiyo nyingi ikifika kwenye ovari inazichochea zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Yai haliivi, hedhi inapotea, ndevu zinaota. Na kinachopandisha insulini upesi kuliko vyote ni wanga na sukari. Ndiyo sababu daktari anagusa sahani. Wapo wembamba pia wenye maradhi haya, kwa hiyo usimwambie mtu "wewe huwezi kuwa nayo." Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi kidogo ya mwanamke mmoja katika kila 10 wa umri wa kuzaa anayo, na hadi 70 katika kila 100 kati yao hawajui.

Je, kupunguza wanga kunasaidia kweli? Mwaka wa 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha jaribio la wanawake 11 wenye PCOS waliokula wanga usiozidi gramu 20 kwa siku, kwa wiki 24. Gramu 20 ni kidogo mno, chapati moja inaipita. Watano tu ndio walimaliza. Hao watano walipungua uzito kwa wastani wa asilimia 12, insulini yao ya kufunga ikashuka zaidi ya nusu, na wawili wakashika mimba baada ya kuhangaika. Inatia moyo, lakini usisahau wale sita walioacha, na usisahau ni watu wachache. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka wa 2023 unasema hakuna mlo mmoja uliothibitika kuwa bora kuliko mingine kwa PCOS. Kikubwa ni mlo wenye afya unaoweza kuushika, pamoja na kutembeza mwili. Kwa mwenye uzito mwingi, hata kupungua asilimia 5 kunaweza kuirudisha hedhi. Mimi hapo naona nafuu kubwa. Dada hahitaji kula kama mtu wa kitabu cha Marekani. Anahitaji ngumi moja ya sima badala ya mlima, na mboga zijae pale mlima ulipokuwa.

Na Ramadhan ndiyo mtihani wenyewe. Tazama sinia ya futari yetu: viazi vitamu, muhogo wa nazi, tambi za sukari, kaimati, mahamri, uji, na sharubati juu yake. Tumefunga saa kumi na tatu halafu tunamimina wanga wa siku mbili kwa nusu saa. Mtume (s.a.w.) alifuturu kwa tende chache, na akizikosa kwa maji. Tende mbili tatu zinamtosha dada yetu, kisha supu, samaki au kuku, pojo au kunde kiasi, mchicha wa nazi, mnavu, bamia, na kipande kimoja cha muhogo kama roho inataka. Daku ale mayai, maziwa mala bila sukari, parachichi la kutoka Taita, karanga. Najua utasema unga ni rahisi na samaki ni ghali. Kweli. Ndiyo maana nataja kunde, omena, mayai na mboga, kwani mboga za Wundanyi zinashuka Voi kila siku na fungu bado linanunulika. Wala asipikiwe chungu chake peke yake kama mgonjwa wa kutengwa. Chungu ni kilekile, kinachobadilika ni upawa.

Kuna suala la ibada ambalo wengi wanaona haya kuliuliza. Fatima bint Abi Hubaysh, radhi za Allah ziwe juu yake, alikwenda mwenyewe kwa Mtume (s.a.w.) kuuliza juu ya damu isiyokatika, naye akamfafanulia kuwa hiyo ni ya mshipa, si hedhi. Mwenye istihadha anaswali na anafunga. Lakini mwenye PCOS siku zake zimevurugika, kujua ipi ni hedhi na ipi siyo kunahitaji hesabu, basi amwendee ustadha au sheikh aliyesoma mlango huo, akiwa na tarehe zake ameziandika.

Mume naye apimwe. Mara ngapi mke ameachwa kwa kutozaa na hakuna aliyewahi kumwambia mwanamume aende maabara? PCOS haimaanishi tasa. Wengi huzaa, wengine bila dawa, wengine kwa msaada wa dawa.

Na anayemeza metfomini saa zake zinabadilika mwezi huu, wakati anayedunga insulini kwa sababu ya kisukari ana hatari nyingine kabisa ya sukari kushuka mchana, hasa akiwa pia amepunguza wanga. Mjamzito asijaribu kukata wanga kwa kusoma makala hii. Hawa wote wamuone daktari, na kama kufunga kumeshaanza bila kumuona, basi ni wiki hii.

Wabillahi tawfiq.