Picha ya Mama katika Kisiwa chenye Hazina: Mipaka ya Nafsi ya Kwanza

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, swali la nafsi ya msimulizi limezoeleka katika darasa la fasihi. Majibu mengi huishia kusema kwamba nafsi ya kwanza huifanya hadithi iaminike. Hilo si kosa, lakini ni nusu ya jibu. Nusu ya pili tunaweza kuipata katika historia ya picha za riwaya moja ya kusisimua: Treasure Island ya Robert Louis Stevenson, iliyowafikia wasomaji wa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina Kisiwa chenye Hazina, katika tafsiri ya Frederick Johnson.

Ifahamike kwamba riwaya hii yenyewe ilitokana na picha. Mwaka 1881, huko Braemar, Uskoti, Stevenson alichora ramani ya kisiwa cha kubuni na kuitia rangi, akijifurahisha pamoja na mwanawe wa kambo. Ramani hiyo ndiyo iliyozaa wahusika na matukio. Hadithi ilitoka gazetini kwa mfululizo, kisha ikawa kitabu mwaka 1883. Ramani ya kwanza ilipopotea njiani kwenda kwa mchapishaji, ilimbidi mwandishi aipitie hadithi yake upya ili achore nyingine inayooana nayo.

Mwaka 1911 kampuni ya Scribner's ya Marekani ilitoa toleo lenye picha za N. C. Wyeth, msanii ambaye hakuwa ametimiza miaka 30. Alizichora kwa rangi za mafuta juu ya turubai zenye kimo cha zaidi ya mita moja. Wyeth hakupenda kurudia yale ambayo mwandishi ameyaeleza kikamilifu. Alitafuta mahali ambapo maneno yamepita haraka.

Chukua picha ya Jim akiondoka nyumbani. Katika riwaya, Jim anamuaga mama yake kwa sentensi moja tu. Katika picha, kijana yuko mbele na furushi lake, uso ameuelekeza safarini. Nyuma yake mama amejifunika uso kwa aproni, analia. Jim ndiye msimulizi, naye amempa mama kisogo. Asichokiona hawezi kutusimulia. Basi nafsi ya kwanza hutuleta karibu na mhusika mmoja, na papo hapo huwaficha wengine.

Jambo hili lafundishika hapa Taita Taveta bila gharama. Mwambie mwanafunzi wa Voi aandike, kwa nafsi ya kwanza, kisa cha kijana anayeteremka kutoka Wundanyi kwenda kupanda basi la Mombasa. Kisha mwambie amchore aliyebaki nyuma. Kile kilichomo katika mchoro na hakimo katika insha ndicho kitakachomwonyesha mpaka wa msimulizi wake.

Hata hivyo, mtahiniwa, tahadhari. Machozi ya mama yamo katika picha ya Wyeth; katika maagano yale ya Stevenson hayamo. Picha ikufundishe kuuliza swali, lakini ushahidi wa jibu lako uutoe katika matini.