Vidole viwili vya Mwenda

Gitaa la kwanza kulishika maishani mwangu nililishika kwenye kituo cha vijana hapa Nyarugusu. Mfanyakazi mmoja wa shirika alituachia alipomaliza mkataba wake, pamoja na karatasi moja yenye picha za akordi. Wengine humu kambini wanaziita kodi. Mimi nasema akordi kama wazazi wangu, maana kodi ni kitu kingine na hakifurahishi.

Karatasi ilianza na C. Kidole cha shahada kinabana uzi wa pili, nafasi ya kwanza. Cha kati kinabana uzi wa nne, nafasi ya pili. Cha pete uzi wa tano, nafasi ya tatu. Kusoma ni rahisi. Kubana sasa! Wiki mbili nzima nyuzi zilikohoa tu, na ncha za vidole ziliniuma hata kushika ugali wa moto nikashindwa. F ndiyo ilinimaliza kabisa, kwa sababu kidole kimoja kinatakiwa kulala juu ya nyuzi zote.

Papa mmoja fundi viatu alikuwa anapita, akasimama mlangoni, akacheka. "Wewe mutoto, unashika gitare sawa unashika kuku ya kuchinja. Achilia kidogo." Akakaa. Hakuangalia karatasi. Kwake C ni Do, F ni Fa, G ni Sol. Akacheza kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume: gumba likitembea kwenye nyuzi nene, shahada ikiimba kwenye nyembamba. Mimi niliapa kwamba kuna gitaa la pili nyuma ya nyumba.

Nilimuuliza nani kamfundisha. Akasema, jirani yake wa Lubumbashi alipokuwa kijana. Na huyo jirani? "Huyo alisikiliza Mwenda." Basi nikaanza kumtafuta Mwenda, na nilichokipata nataka kila kijana wa kambi hii akijue.

Jean Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga. Bunkeya ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Bayeke, aliyeuawa Desemba 1891 na watu waliotumwa na Leopold wa Ubelgiji. Msiri na watu wake hawakuwa wenyeji wa Katanga. Walitoka huku magharibi mwa Tanzania, upande wa Wasumbwa na Wanyamwezi, wakifuata biashara ya shaba na pembe za ndovu. Mobutu alipokataza majina ya Kikristo mwaka 1972, mpiga gitaa wetu alijulikana kama Mwenda wa Bayeke. Kwa hiyo jina lake lenyewe linatukumbusha safari ya watu waliovuka kutoka huku kwenda kule. Sisi tulivuka kutoka kule kuja huku. Sisemi kwamba ni kitu kimoja, wao hawakukimbia na mtoto mgongoni. Ila anayedhani mpaka huu ulianza kuvukwa mwaka 1996, kambi yetu ilipofunguliwa, hajui historia.

Katanga ya utoto wa Mwenda ilikuwa nchi ya migodi. Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka mbali: Kasai, Rodesia ya Kaskazini, hata Rwanda na Burundi. Watu wa lugha nyingi hivyo walihitaji lugha moja ya kazi, nayo ikawa Kiswahili. Hakikuwa cha Zanzibar. Kilikuwa cha mgodini, cha kambi za wafanyakazi, cha bar siku ya mshahara. Ndani ya kambi hizo gitaa nalo lilikutana na namna za kupiga za kila kabila.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Mwenda Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Kijana alikuwa na miaka ishirini na kitu, kama mimi sasa. Wimbo wake "Masanga" ulirekodiwa mwaka huo, na sahani zake zikauzwa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Baadaye alikwenda Nairobi, akawa na kipindi redioni, na wapiga gitaa wa Kenya wakamsikiliza na kumwiga. Ndugu yake Edouard Masengo naye alikwenda Nairobi. Mwaka 1969 Mwenda alipiga Marekani, kwenye tamasha la Newport. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Gallo hao hao walitengeneza magitaa ya bei nafuu. Moja lilifika Liverpool, Uingereza, likawa gitaa la kwanza la John Lennon. Naye alianza vibaya: mama yake alimfundisha akordi za banjo, akazipiga hizo hizo kwenye gitaa mpaka Paul McCartney alipomwonyesha namna ya kulifunga sawasawa. Nawaambia wanafunzi wangu hivyo wanapolia na Fa.

Kwa nini naandika haya? Mwaka jana nilikuwa sokoni na vijana wawili wa kituo. Mmoja aliuliza bei kwa Kiswahili chetu, muuzaji akamcheka, akamwambia aende akajifunze kuongea kwanza. Kijana yule alinyamaza njia nzima. Jumamosi alipokuja kituoni alikataa kuimba. Nilimsimulia habari za Mwenda: Kiswahili cha Katanga kiliimbwa redioni Nairobi, na watu hawakucheka, walihangaika kujua vidole vile vinakwendaje. Hakujibu kitu. Alichukua gitaa, akajaribu gumba lake.

Sasa jina la Papa limetoka kwenye ubao. Anaondoka na familia ya binti yake, nasi tunamfurahia kwa moyo wote. Lakini vidole vyake vimeanza kuvimba asubuhi, na humu kituoni tulioweza kushika mwendo wa gumba lake ni watatu tu. Mimi ndiye dhaifu kuliko wote. Tumerekodi kidogo kwenye simu. Simu haikwambii "achilia kidogo".

Ndugu wa mashirika, mkituuliza kituo kinahitaji nini, jibu ni fupi: nyuzi seti mbili. Uzi wa tano umekatika, na Do haina gumba bila huo. Kwa muda tumefunga waya wa breki ya baiskeli. Na ninyi vijana, msisubiri gitaa la dukani. Bati la mafuta ya mgao na kipande cha ubao vinatosha kwa kuanzia. Papa bado yupo, Jumamosi saa tisa, chini ya mwembe. Njooni kabla basi halijaja.